Mahame ya Bibi Kabula

Juzi jirani yangu hapa Igogo aliezua paa la banda lake la kuku. Lilikuwa la nyasi, limekaa miaka likila moshi wa jiko lake, na lilikuwa limelowa mvua ya asubuhi. Akazirundika zile nyasi uani akazitia moto. Moshi ukaja upande wetu polepole, mzito, una harufu ya nyasi mbichi na masizi ya zamani kwa pamoja, nami nilikuwa naanika nguo za watoto. Nikasimama na shati mkononi. Nilikuwa tena na miaka tisa, nimejilaza ndani ya kibanda cha porini, ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, na baba yangu ananieleza kwa nini mlango wa kibanda cha mchoma mkaa hautazami njia.

"Njia haina haraka," alisema. "Mwenye haraka ni tanuru. Likipasuka ubavu, mkaa wote unageuka majivu. Kwa hiyo mtu anajilaza huku analiona."

Hiyo ndiyo sauti ya baba ninayoipenda, na ni sauti hiyo hiyo iliyonidanganya. Nimeishi na mambo hayo mawili tangu utotoni na sijaweza kuyatenganisha.

Wenzangu mliokua Mwanza miaka ile mtakumbuka jinsi baba zetu walivyoanza kuonekana nyumbani mchana. Baba yangu alikuwa fundi wa mashine kwenye kinu cha kuchambua pamba. Siku moja alirudi kabla ya saa nne asubuhi, akaketi kwenye kigoda nje ya chumba chetu cha kupanga kule Mirongo, akakaa pale hadi jua likamfuata mpaka ukutani. Nilisikia wapangaji wenzetu wakinong'ona kwamba kinu kimefungwa, amepunguzwa. Sikujua mtu anapunguzwaje. Nilikwenda nikashika mikono yake nikahesabu vidole, vyote kumi vilikuwepo. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta walichopunguza. Alicheka, halafu akageuza uso.

Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu, na alikuwa akikaanga mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vilivyobaki baada ya minofu kwenda viwandani. Chumba chote kilinuka mafuta. Mtu mmoja aliyefanya kazi na baba kinuni akamwambia kwamba ng'ambo kuna pori kubwa, watu wanapasua mbao na kuchoma mkaa, na mtu mwenye mikono ya ufundi hawezi kulala njaa. Baba akaamua kwenda. Akasema atanichukua na mimi ili mama apumue. Mama alikubali kwa shingo upande. Tukavuka kwa kivuko, tukadandia lori, tukatembea kutoka barabarani kwa miguu hadi kijiji ambacho jina lake naomba nisilitaje, maana watu wake wapo na watoto wao wapo.

Nilitegemea kuogopa pori. Badala yake nililipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Na aliyenipa alikuwa baba. Kule Mirongo alikuwa mtu wa kuondoka alfajiri na kurudi amechoka, ana pamba kwenye nyusi. Kule porini alikuwa wangu siku nzima. Aliniita "mama," kwa sababu nilirithi jina la mama yake, na kila tulipotembea alinifundisha kusoma mabaki ya watu waliopita. Ndivyo alivyoita: kusoma.

Alinionyesha shimo refu lililojaa majani, refu kama kaburi la watu wawili, akanishusha ndani. "Hili ni shimo la wapasua mbao," akasema. "Mmoja anasimama humu chini, mwenzake juu ya gogo, msumeno unapanda na kushuka kati yao. Wa chini ndiye anayekula vumbi." Akachimbua udongo kwa kidole cha mguu, na chini yake vumbi la mbao lilikuwa bado jekundu, la mninga, ingawa nguzo za kibanda chao zilikuwa zimeshaliwa na mchwa. Kibanda cha wapasua mbao, aliniambia, kina paa la upande mmoja tu, kimeegemea mti, kwa sababu hawakai muda mrefu. Miti mizuri ikiisha wanahama. Cha walina asali ni kidogo zaidi, cha kukaa bila kulala, na ukitazama juu utaona mzinga wa gome umesahaulika kwenye tawi. Wachoma mkaa wanaacha duara jeusi ambalo nyasi zake huota fupi na kijani sana. Wachungaji wanaacha duara la miiba na udongo laini wa samadi.

Nilijifunza haraka. Ilifika mahali natangulia mbele, nasimama, natangaza: "Hapa walikuwa wapasua mbao watatu. Mawe ya jiko ni madogo, sufuria yao ilikuwa ndogo." Baba alikuwa akiwaambia wenzake katika kambi yetu ya mkaa, "Mnaona huyu? Kichwa cha mama yangu." Hakuna sifa niliyowahi kuipata shuleni iliyoniingia moyoni namna ile.

Kulikuwa na sehemu moja ambayo hakunifundisha. Ilikuwa mwinuko mdogo, karibu nusu saa kutoka kambini kwetu, umezungukwa na minyaa mirefu iliyoota kwa mzunguko. Ndani yake kulikuwa na mawe yaliyopangwa, jiwe moja kubwa bapa lenye bonde katikati, na kando kidogo, chini ya mkwaju mchanga, rundo dogo la mawe. Mara ya kwanza tulipopita pale baba alivua kofia. Nilidhani ameona joto. Nilimuuliza hapa walikaa akina nani, akasema tupite, jua linakwenda.

Pale ndipo nilipokutana na Bibi Kabula. Alikuwa mjane aliyeishi peke yake pembeni ya kijiji. Wanawe wawili wa kiume walikuwa wamekwenda kwenye machimbo ya dhahabu na hawakuleta habari. Alikuwa akija porini kutafuta kuni na uyoga, na kila alipokuja alipita kwenye ule mwinuko. Siku hiyo nilikuwa nimekaa juu ya lile rundo la mawe nakula muhogo wa kuchoma. Nikamwona amesimama ananitazama, mzigo wa kuni kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia baba ni yule fundi aliyetoka Mwanza. Nikataka kuinuka nimpishe, maana niliona anayatazama yale mawe.

"Kaa tu, ng'wana wane," akasema, akiniita mwanangu kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, kama anavyosema mtu anapomwambia mtoto wake mwenyewe. "Kaa. Haidhuru."

Akatua kuni. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa unga kidogo, akaunyunyiza chini, karibu na miguu yangu, huku midomo yake ikitembea bila sauti. Mimi nilidhani analisha sisimizi. Nilimuuliza kama sisimizi wa kule wanapenda unga wa mtama kuliko wa mahindi. Akacheka mpaka nikaona kuwa hana meno ya mbele, akasema hao wanapenda mtama.

Tangu hapo tukawa marafiki. Alinifundisha uyoga wa kula na uyoga wa kuacha. Alinisuka nywele ambazo baba alikuwa ameshindwa kuzisimamia. Mara nyingine alikaa ndani ya ule mzunguko wa minyaa akaimba kidogo kwa Kisukuma, akakatiza katikati ya wimbo kana kwamba ameitwa na mtu. Sikumuuliza kwa nini anapapenda pale. Mtoto haulizi kwa nini mtu mzima anapenda mahali. Anaona ni sawasawa na kupenda ugali.

Halafu akaja Masalu. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao kutoka mjini, mwenye lori lake mwenyewe, na alivaa viatu vyeupe ambavyo porini havikudumu hata siku mbili. Zamani, baba alinieleza, mbao na pamba na kila kitu vilikuwa na taratibu zake. Siku hizi mwenye uwezo anaingia. Masalu alitaka lile pori lote kuanzia kambini hadi kwenye mwinuko, akate, kisha aweke ng'ombe. Alihitaji mtu wa kusimamia kazi, anayejua mashine na anayeheshimika na wapasua mbao. Alimchagua baba. Kwa mara ya kwanza tangu kinu kifungwe nilimwona baba akinyoa ndevu asubuhi.

Ilikuwa ndani ya wiki hiyo ndipo baba aliponirudisha kwenye mwinuko, akanifundisha kupasoma.

Tuliingia ndani ya minyaa akiwa amevaa kofia yake. Akaniambia hapo palikuwa kambi kubwa ya zamani ya wapasua mbao, kubwa kuliko zote, ndiyo maana alikuwa ameiweka ya mwisho. Minyaa walipanda wachungaji waliokuja baadaye, wafungie ng'ombe. Yale mawe manne manne yalikuwa viti, mafundi walikaa wakila. Jiwe lile bapa lenye bonde lilikuwa la kunolea mashoka.

"Pitisha mkono," akasema. Nikapitisha. Lilikuwa laini kama shavu. "Unaona? Mashoka ya miaka na miaka."

"Na haya?" nikauliza, nikionyesha lile rundo nililokuwa nikikalia.

Kwanza aliinama akafunga kamba ya kiatu. Alikuwa mtu wa kujibu haraka, na mimi nilifikiri anakumbuka. "Hayo ni ya kukandamizia tanuru," akasema. "Udongo usipeperuke. Walipohama wakayarundika."

Akanisomesha tena, jiwe baada ya jiwe, kisha akataka nimsomee yeye. Nilikosea kidogo kwenye viti, akanirekebisha kwa upole. Nilipopata yote aliniwekea mkono kichwani. Nilijiona nimehitimu.

Siku chache baadaye serikali ya kijiji ilikuja kupima lile pori kwa macho kabla ya kulitoa. Walikuwa wanaume saba na mwanamke mmoja, pamoja na mwenyekiti, mtu mnene mwenye daftari. Masalu alikuwepo na baba alikuwepo. Bibi Kabula alikuwa amefika kabla yao wote. Alikuwa amevaa kanga mpya na amesimama katikati ya minyaa kama mtu anayepokea wageni.

Alisema maneno machache. Kwamba pale ni kwa mume wake, marehemu. Kwamba waliishi pale hadi enzi zile watu walipohamishwa wakakae pamoja vijijini, nyumba ikabomolewa wakiwa bado wanatoa vyungu. Kwamba hayo ni mahame yake, na mahame yana mwenyewe hata kama hayana paa.

"Majirani wako wa hapa wako wapi watoe ushahidi?" mwenyekiti akauliza.

"Walipelekwa vijiji vingine. Wengine wamekufa. Mnajua wenyewe tulivyotawanywa."

Baadhi ya wale wazee waliangalia chini. Masalu alikuwa ameahidi mbao za madawati ya shule, na watoto wao walikuwa wakisoma wamekaa sakafuni. Masalu akasema, bila ukali, kwamba pori lile limejaa makambi ya watu wa mbao tangu zamani, na kama kila duara litakuwa na mwenyewe basi hakuna ardhi itakayobaki nchini. Watu wakaguna. Haikujulikana wanaguna upande gani.

Ndipo baba akakohoa. "Mwenyekiti, mimi ni mgeni, sina haki ya kusema. Lakini nina mtoto hapa. Anatembea pori hili kila siku, anajua kila kibanda. Mtoto hatafuti shamba. Muulizeni yeye."

Mwenyekiti akatabasamu, akaniita. Nilisogea mbele. Nakumbuka nilinyoosha gauni.

"Haya, mwanangu. Hili jiwe ni la nini?"

"La kunolea mashoka," nikasema. "Pitisha mkono uone."

Akapitisha. Mzee mmoja naye akapitisha.

"Na haya?"

"Viti vya mafundi."

"Na minyaa hii?"

"Ya wachungaji. Walikuja nyuma, wapasua mbao walipohama."

Walitazamana. Nilikuwa naongea vizuri, bila kusita, kwa Kiswahili cha shule ya mjini. Mmoja akasema mtoto huyu ana akili. Nami sikungoja kuulizwa tena. Nilikimbia hadi chini ya mkwaju, nikaweka mguu wangu juu ya rundo la mawe, nikasema: "Na haya ni ya kukandamizia tanuru. Udongo usipeperuke."

Bibi Kabula alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Mwenyekiti akamgeukia.

"Mama, una neno juu ya aliyoyasema mtoto?"

Alinitazama. Mimi nilikuwa namtabasamia. Nilidhani anaona fahari, kwa kuwa alikuwa rafiki yangu. Akaikaza kanga kiunoni.

"Sina," akasema.

Mwenyekiti akaandika. Tuliporudi kambini baba alinibeba mabegani njia nzima, ingawa nilikuwa nimeshakuwa mkubwa kwa hilo, na miguu yangu ilimgonga kifuani. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kabla yake wala, nikisema kweli, baada yake. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko mengine yote. Siku yangu bora ya utoto ni siku ile.

Kazi ilianza mara moja. Misumeno ilikuja, ya mota, si ile ya watu wawili, na pori likajaa kelele zilizoingia hadi kwenye meno. Bibi Kabula hakuja tena kutafuta uyoga. Nilimngojea. Nywele zangu zilifumuka, nikazifunga kitambaa.

Mama alikuja kututembelea mvua zilipopungua, mdogo wangu mgongoni. Baba alikuwa na Masalu upande wa barabarani wanapakia lori, kwa hiyo mimi ndiye niliyemtembeza. Nilitaka aone nilivyojua. Nilimpitisha kwenye mashimo na kwenye maduara meusi, naye akasema "ehe, ehe," akinisifu kama mama anavyosifu. Mwisho nikampeleka kwenye mwinuko. Walikuwa hawajafika kukata upande ule.

Aliingia ndani ya minyaa akasimama. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye lile jiwe bapa, akapiga magoti nyuma yake, mtoto akiwa mgongoni, akaegemea mbele na mikono miwili. Mwili wake wote ulijua la kufanya. Akatazama pembeni, akafukua majani, akaokota jiwe dogo la mviringo ambalo mimi nilikuwa nimelirusha mara nyingi bila kulifikiria. Akaliweka ndani ya bonde. Lilikaa sawasawa.

"Nani alikuwa anasaga hapa?" akauliza.

"Hapana mama. Hilo ni la kunolea mashoka."

Akacheka. "Shoka linanolewa ukingoni, mwanangu, linaacha mistari. Hili ni la mtama. Bibi yako alikuwa na la namna hii hii, mimi nimelisagia nilipoolewa." Akainuka akaanza kutembea, akionyesha kwa kidole. "Hapa kihenge, haya mawe kilikaa juu yake, mchwa wasipande. Kihenge cha pili hiki hapa. Walikuwa watu wenye chakula. Minyaa ndiyo ua wa mji wao, na mlango wake ulikuwa huku." Akafika kwenye mkwaju, akasimama ghafla, akashika mgongo wa mdogo wangu kwa mkono wa nyuma.

"Usikanyage hapo," akasema.

Nilikuwa nimekaa juu yake.

"Ni ya tanuru," nikamwambia.

"Toka hapo. Hapo amelala mtoto mdogo. Mtu mzima hawamfanyii kaburi kadogo hivi." Halafu akanitazama usoni. "Nani amekwambia ni tanuru?"

"Baba."

Mama aliketi chini kwenye nyasi, akamtoa mtoto mgongoni akampa ziwa, ingawa mtoto alikuwa amelala. Nilimweleza kila kitu, kuhusu wazee na daftari na jinsi nilivyojibu yote bila kukosea. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoanza kusikia mwenyewe ninachosema. Ilikuwa kama kushuka kwenye lile shimo la wapasua mbao, kila neno hatua moja chini. Nilipofika kwenye unga wa mtama na sisimizi nilishindwa kuendelea.

Baba alipofika kambini mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Wewe umezaliwa kwenye mji wa minyaa," akamwambia. "Mama yako alikuwa na vihenge vitatu. Hujui jiwe la kusagia?"

"Nalijua."

"Na lile kaburi?"

"Nalijua pia."

Alijibu hivyo hivyo, mbele yangu, akivua viatu. Sikuwa nimewaza kwamba atakubali. Nilikuwa nimepanga kichwani kwamba atasema alikosea, na nilikuwa tayari kumsamehe kabla hajafika.

"Kinu kilipofungwa nani aliniuliza nina mahame gani pale?" akasema. "Nilikifungua na kukifunga asubuhi na jioni. Ilikuja karatasi ukutani, basi. Huyu mama ana nyumba kijijini. Hapa hana kitu ila mawe."

"Na mtoto wako je?"

Baba alinitazama kama aliyekuwa amesahau kwamba nipo. "Mtoto hakufanya kosa," akasema. "Alisema alichokijua."

Kesho yake asubuhi mama alinishika mkono tukaenda kwa Bibi Kabula. Alikuwa anaanika mihogo juu ya mwamba nyuma ya nyumba yake. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, lakini nilipoona mikono yake nililia tu, ikabidi mama aseme. Bibi aliendelea kupanga mihogo mpaka mama akamaliza.

"Alikuwa msichana," akasema. "Wa kwanza wangu. Hakufikisha mwaka. Nilipokuona umekaa pale ukila, nikasema ni vizuri, amepata mwenzake."

"Bibi, kwa nini hukusema nadanganya?" nikamuuliza.

"Hukuwa unadanganya. Ningesema nini? Nisimame mbele ya wanaume nimwite mtoto mwongo, na mtoto mwenyewe ananichekea?" Akageuza kipande cha muhogo. "Wangekuwa watu wazima wenzangu ningepigana nao. Walijua hivyo, waliokuleta."

Hakuniambia amenisamehe, na mama hakumwomba aseme. Alinipa kipande cha muhogo mkavu, nikakishika bila kukila.

Kutoka pale tulikwenda kwa mwenyekiti. Nilimwambia yote, safari hii kwa kweli: jiwe la kusagia, vihenge, kaburi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, huyu huyu alisema vile mbele ya watu nane. Leo anasema hivi. Tuamini lipi? Na kesho atasema nini?" Akalifunga daftari lake. "Mtoto ni mtoto."

Siku zile zile trekta ilipanda kwenye mwinuko. Sikuiona, mama alikuwa ameshanivusha kurudi Mwanza. Niliambiwa na mwanamke aliyekuja mjini kuuza uyoga kwamba minyaa iling'olewa na mawe yakasukumwa korongoni, yote pamoja, bila kuchagua. Bibi Kabula hakwenda kutazama. Aliishi misimu michache tu baada ya hapo, na alipofariki walimzika nyuma ya nyumba ya kijijini, mahali ambapo, kwa maneno ya yule mwanamke, hakuwa na mtu yeyote wa kulala kando yake.

Baba alirudi nyumbani baada ya mvua mbili. Pori lilikuwa limekwisha, ng'ombe walikuwa wameletwa, na karatasi zote zilikuwa na jina la Masalu peke yake. Alirudi na begi lile lile aliloondoka nalo. Mama alimfungulia mlango, akampikia, akaishi naye hadi mwisho, lakini sikuwahi kumsikia tena akimwambia baba jambo na kungoja maoni yake. Mimi nilimwamkia kila asubuhi. Alijaribu mara kadhaa kunionyesha vitu, jinsi ya kusikiliza mashine ya kusaga kama mkanda umelegea, mambo ya namna hiyo. Nilisikiliza kwa adabu, kisha nikaenda kumuuliza mtu mwingine kama ni kweli. Sijaacha tabia hiyo. Mume wangu huidhani ni dharau.

Nilimuuliza mara moja tu, nikiwa nimeshakuwa mtu mzima, yeye akiwa mgonjwa nyumbani kwangu. Nilikuwa nimemletea chakula cha mchana. Sikuwa nimepanga. Nilimuuliza kwa nini alinitumia mimi, wakati palikuwa na wanaume kumi kambini ambao wangesema chochote walichoambiwa.

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kwa uaminifu, kama fundi aliyeulizwa kwa nini alichagua nati hii akaacha ile.

"Wale wangejua wanadanganya," akasema. "Ingeonekana usoni. Wewe ulikuwa unaniamini."

Nikashika jagi, nikamnawisha mikono, nikamsogezea ugali. Kisha nikatoka nje nikakaa, na nilisikia akiniita "mama, mama," mara mbili, kwa sauti ile ile, nami sikuitika.